Biashara Haigombi: Mohamed Haji Ibrahim Egal na Amani ya Kaskazini Mashariki



Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya mfanyabiashara aliyeingia siasa na kuishia katika diplomasia. Katika mji huu wa Garissa watu wa namna hiyo hawatafutwi kwa tochi. Viongozi wetu wengi walijua bei ya ng'ombe kabla hawajajua kanuni za Bunge. Hata hivyo nimemchagua mtu ambaye hakuzaliwa hapa wala hakuwahi kupiga kura hapa. Nimemchagua kwa sababu saini yake moja, iliyowekwa Arusha tarehe 28 Oktoba 1967, iligusa kila boma kati ya mto Tana na mpaka wa Somalia. Jina lake ni Mohamed Haji Ibrahim Egal.

Hoja yangu naitanguliza ili mnipime kwayo. Egal aliingia katika siasa na akili ya sokoni, akili inayouliza jambo litagharimu nini na gharama itamwangukia nani. Akili hiyo ndiyo iliyozima vita vya shifta, yaani mapigano ya kulitenga eneo letu na Kenya. Lakini Arusha hesabu ilipigwa kwa ajili ya serikali mbili. Watu wa eneo lililopiganiwa hawakuwa na kiti mezani, na deni likabaki kwao. Bunduki zilinyamaza, na sheria ya hali ya hatari ikaishi miaka 24 zaidi. Ilipofika 1993 pakaonekana njia nyingine, kwake yeye huko Borama, na kwetu katika soko la Wajir. Tofauti ya amani ya 1967 na ile ya 1993 ndiyo somo ninalotaka tuondoke nalo leo.

Egal alizaliwa mwaka 1928 Odweyne, katika Somaliland iliyokuwa chini ya Waingereza. Baba yake, Haji Ibrahim, alikuwa tajiri wa Berbera. Bandari hiyo iliishi kwa mifugo. Mbuzi, kondoo na ngamia waliteremka kutoka malisho ya bara, wakapakiwa majahazini na melini, wakavuka ghuba kulisha Aden na miji ya Uarabuni. Kijana alisoma shule ya Sheikh, akapelekwa Uingereza kuendelea na masomo, kisha akarudi Berbera kushika biashara ya nyumbani.

Nisiipite Berbera haraka, kwa sababu wengi wenu mnaijua shule ile hata kama hamjafika. Mfanyabiashara wa mifugo anauza mali inayopumua. Ng'ombe anayekaa siku tatu bila mnunuzi anakonda, na anayekaa kumi anaweza kufa. Muuzaji hawezi kununa akasubiri mwaka ujao ili heshima yake irudi. Lazima azungumze na dalali asiyempenda na mnunuzi wa ukoo mwingine, na pengine na mtu ambaye babu yake alipigana na babu wa muuzaji. Anauza kwa neno, anakopesha kwa neno, na neno lake likivunjika mara moja habari hufika kwenye kila kisima. Waswahili husema biashara haigombi. Kwa mtu wa mifugo hiyo ni kanuni ya kuishi: akigomba, mali inafia mkononi.

Mwaka 1956 Egal aliingia katika chama cha Somali National League, na kabla ya miaka minne kupita akawa kiongozi wake. Mei 1960 aliongoza ujumbe uliokwenda London kujadili uhuru. Tarehe 26 Juni 1960 Somaliland ikawa huru naye akiwa waziri mkuu. Siku tano baadaye, tarehe 1 Julai, nchi yake iliungana na Somalia ya kusini iliyokuwa chini ya usimamizi wa Italia, naye akakubali kushuka ngazi. Aliyekuwa waziri mkuu wa taifa akawa waziri wa ulinzi chini ya Abdirashid Ali Shermarke. Baadaye alipewa wizara ya elimu, akajiuzulu 1962, akakaa upinzani, kisha 1966 akajiunga na Somali Youth League, chama kilichotawala. Shermarke alipochaguliwa rais mwaka 1967, alimwita Egal awe waziri mkuu. Ilikuwa Julai.

Ili tuelewe alichokikuta mezani pake, turudi huku kwetu.

Eneo lililoitwa Northern Frontier District, ambalo wazee bado wanaliita NFD, lilifungwa na wakoloni kama ua. Sheria ya 1902 ya wilaya za mbali na ile ya 1934 ya wilaya maalumu zilimzuia mtu kuingia au kutoka bila pasi, na zikampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuliadhibu kabila zima kwa kosa la watu wachache. Ng'ombe wetu walizuiwa kwa karantini wasifike masoko ya nyanda za juu, ambako walowezi walilinda bei ya ng'ombe wao. Somali Youth League ilipofungua matawi upande huu ilipigwa marufuku mwaka 1948. Siasa ziliporuhusiwa tena mwaka 1960 likazaliwa Northern Province People's Progressive Party, na mwaka 1962 wajumbe wa NFD, akiwamo Abdirashid Khalif, walikwenda Lancaster House, London, kudai eneo lao lijitenge na Kenya kabla ya uhuru ili liungane na Somalia.

Waingereza wakaunda tume ya watu wawili, Mnigeria na Mkanada, ikazunguka NFD mwishoni mwa 1962 kusikiliza watu. Tume iliona wazi kwamba wengi walitaka kujitenga. Hata hivyo tarehe 8 Machi 1963 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba eneo hilo lingebaki Kenya kama jimbo la saba. Somalia ikavunja uhusiano wake na Uingereza siku chache baadaye. Mei mwaka huo Wasomali wa jimbo jipya walisusia uchaguzi. Juni, Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya wa Isiolo, na chifu Haji Galma Dido waliuawa kwa risasi. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki. Wakenya wengine walikuwa bado wanasherehekea.

Sitawasimulia vita vile kama mgeni, kwa maana kila nyumba hapa ina simulizi lake. Serikali iliwaita wapiganaji majambazi. Redio ya Mogadishu iliwaita wapigania uhuru. Mwananchi wa kawaida alijikuta katikati: usiku anadaiwa chakula na wenye bunduki, asubuhi anaulizwa na askari kwa nini alikitoa. Kuanzia 1966 watu walikusanywa katika vijiji vya lazima, na mfugaji aliyezoea kufuata mvua akaambiwa akae mahali pamoja na mifugo yake. Mifugo mingi ilikufa, mingine ikatwaliwa, mingine ikapigwa risasi nje ya mipaka iliyowekwa. Umaskini ulioanza siku zile baadhi ya koo hazijautoka hadi leo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali Julai 1967, na Egal akaanza kupiga hesabu.

Upande mmoja palikuwa na nyota. Bendera ya Somalia ina nyota ya pembe tano, na kila pembe ni nchi moja ya Wasomali: mbili zilizoungana 1960, na tatu zilizobaki nje, yaani Jibuti, Ogaden na NFD. Waziri mkuu asingeweza kusimama hadharani akasema pembe moja ing'olewe. Angepoteza kiti, na huenda angepoteza maisha. Upande wa pili palikuwa na gharama. Kenya na Ethiopia zilikuwa zimefungamana kwa mkataba wa ulinzi. Viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana Cairo, Julai 1964, kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe, na Somalia ilibaki karibu peke yake katika kukataa. Jeshi lake lilikuwa likijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na silaha huja na madai ya mwenye kuzitoa. Juni 1967 vita vya Mashariki ya Kati viliufunga Mfereji wa Suez, na ndizi za Somalia zilizokuwa zikiuzwa Italia zikalazimika kuzunguka Afrika nzima. Hazina ilikauka wakati jeshi likizidi kula.

Mwanasiasa aliyelelewa na hotuba angeongeza sauti ya redio. Egal alitenganisha vitu viwili ambavyo wenzake walikuwa wamevifunga pamoja, yaani dai na vita. Katiba ya Somalia ya 1960 ilisema muungano wa nchi za Wasomali utafutwe kwa njia za kisheria na za amani. Yeye akaishika ibara hiyo. Msimamo wake ulikuwa kwamba Somalia haidai ardhi ya mtu, inadai haki ya Wasomali kuamua mambo yao, na dai la namna hiyo linaweza kuzungumzwa mezani hata kwa miaka mingi bila mtu mmoja kuuawa Garissa au Mandera.

Septemba 1967 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Kinshasa. Pale Kenya na Somalia zilikubali kwamba Rais Kenneth Kaunda wa Zambia awe mpatanishi. Mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akawa mwenyeji Arusha, na tarehe 28 Oktoba Mzee Jomo Kenyatta na Egal wakatia saini mbele ya Kaunda. Waliahidi kulinda maisha na mali pande zote za mpaka, kukomesha propaganda za chuki, kurejesha uhusiano wa kibalozi, kukuza biashara, na kuondoa kanuni za hali ya hatari hatua kwa hatua. Kamati ya Kenya, Somalia na Zambia ingefuatilia utekelezaji. Mapema 1968 mabalozi walikuwa wamerudi kazini.

Jambo hili lilihitaji ujasiri, na nataka vijana mlielewe hivyo. Kupigana kwa maneno kutoka Mogadishu kulikuwa rahisi, kwa sababu risasi zilianguka Wajir. Egal alirudi nyumbani akaitwa msaliti. Palikuwa na maandamano, na ndani ya chama chake wapo waliotaka aondoke. Alikwenda bungeni akaeleza hesabu yake, na Bunge likamuunga mkono. Uhusiano na Uingereza nao ukarejeshwa. Kwa Ethiopia alifungua mazungumzo ya kupunguza uhasama mpakani. Ndani ya miezi michache nchi iliyokuwa imezungukwa na milango iliyofungwa ikaanza kupata wa kuzungumza naye.

Wapo watu wa Kaskazini Mashariki wanaosema mpaka leo kwamba Egal alituuza. Nawaheshimu, kwa sababu uchungu wao umetokana na makaburi. Lakini nawaomba tuulize vita vile vilikuwa vinatupeleka wapi. Somalia haikuwa na nguvu ya kuishinda Kenya na Ethiopia kwa pamoja. Kila mwezi wa vita ulikuwa mwezi mwingine wa vijiji vya lazima na mifugo iliyokufa. Kama vingeendelea miaka kumi zaidi, wafugaji wa kukombolewa wasingekuwepo. Aliyesimamisha hasara ile alitutendea wema, hata kama hakutuuliza.

Na hapo, katika kutoulizwa, ndipo ninapomlaumu, yeye pamoja na Kenyatta, Kaunda na Nyerere. Nani Arusha alisema kwa niaba ya mama wa Bulla aliyepoteza ngamia wote? Nani aliuliza fidia itakuwa kiasi gani, itatoka kwenye mfuko upi, na itamfikia nani? Mkataba ulisema kanuni za hatari ziondolewe hatua kwa hatua, lakini haukuweka tarehe, wala haukumweka mtu wa eneo hili katika kamati ya kuhesabu hatua hizo. Mfanyabiashara mzuri kama Egal asingekubali hati ya deni isiyo na tarehe ya kulipa katika duka la baba yake. Aliikubali kwa niaba yetu.

Mtaniambia kwamba mikataba ya mataifa hutiwa saini na serikali, na kwamba wananchi wa Kenya walipaswa kuwakilishwa na serikali ya Kenya. Ni kweli kwa sheria. Lakini serikali hiyo ilikuwa ndiyo iliyowaweka watu hao chini ya hali ya hatari, na raia asiyeaminiwa na serikali yake hana wakili katika chumba ambamo serikali hiyo inajisemea yenyewe.

Yaliyofuata mnayajua. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda katika mikoa hii kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi, hapa Garissa, ulichomwa moto na watu wakakusanywa uwanjani. Februari 1984 wanaume walipelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi hawakurudi. Serikali ilitaja vifo 57, na walionusurika wakataja idadi kubwa zaidi kwa mbali. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa foleni kuthibitisha uraia wao na kupewa kadi ya pekee. Sheria za hatari zilifutwa 1991 tu. Nchi mbili zilikuwa na amani muda wote huo. Mwaka 1981 Rais wa Somalia, Siad Barre, alitangaza Nairobi kwamba nchi yake haina dai juu ya ardhi ya Kenya, kwa hiyo hata kisingizio cha mpaka kilikuwa kimekwisha, na raia wa Garissa bado hakuwa sawa na raia wa Nyeri.

Turudi kwa Egal, kwani maisha yalimlipa kwa ukali. Uchaguzi wa Machi 1969 ulikuwa na vyama zaidi ya 60, fedha nyingi na malalamiko mengi ya udanganyifu. Serikali yake ilinyooshewa kidole cha ufisadi, na haki ya historia inadai tuliseme hilo bila kulipaka rangi. Tarehe 15 Oktoba 1969 Rais Shermarke aliuawa na mlinzi mjini Las Anod. Egal alikuwa safarini Marekani. Alirudi, na tarehe 21 Oktoba jeshi chini ya Siad Barre likatwaa nchi. Alifungwa hadi 1975. Mwaka uliofuata alipelekwa India kuwa balozi, na kabla mwaka haujaisha aliitwa nyumbani akafungwa tena, mpaka 1985. Ubalozi wake rasmi, cheo pekee ambacho kingemfanya aitwe mwanadiplomasia kwenye karatasi, ulidumu miezi tu.

Akiwa gerezani, waliomwita msaliti walipata nafasi ya kuonyesha njia yao. Mwaka 1977 jeshi la Somalia liliingia Ogaden. Machi 1978 lilirudi limeshindwa, na wakimbizi kwa mamia ya maelfu wakalifuata. Baada ya hapo nchi ilianza kupasuka. Mwaka 1988 ndege za serikali ziliupiga mji wa Hargeisa kwa mabomu, na 1991 dola la Somalia likaanguka. Mizani kati ya hesabu ya Egal na ushujaa wa redio iliwekwa hadharani na matukio.

Alipotoka gerezani alirudi alikoanzia. Aliongoza chama cha wafanyabiashara mjini Mogadishu. Baada ya dola kuanguka, Somaliland ikajitangazia uhuru Mei 1991, na kwa miaka miwili ikayumba kwa mapigano ya wenyewe kwa wenyewe. Mwanzoni mwa 1993 wazee wa koo zote walikusanyika Borama, mji mdogo karibu na Ethiopia. Walikaa miezi. Walikula kwa michango ya wenyeji na ya Wasomali waliokuwa nje, walipitia kila kisasi, kila malisho na kila barabara iliyofungwa. Tarehe 5 Mei 1993 walimchagua Egal kuwa rais.

Tazameni tofauti na Arusha. Arusha walikuwa wakuu wa nchi kwa siku chache. Borama walikuwa wazee wa wale waliopoteza watoto na ngamia, na hawakuondoka mpaka kila deni limetajwa. Wazee wale hawakwenda nyumbani baada ya kutia sahihi. Walipewa baraza lao, Guurti, ndani ya muundo wa dola. Egal aliyejua kupiga hesabu kwa niaba ya serikali alilazimika sasa kuipiga mbele ya wenye mali, wakimtazama.

Alifanya kazi yake kama mtu wa Berbera. Alijua kwamba mapato yote ya nchi ile yalipita katika bandari ya mji wa baba yake, kwa hiyo alianza kwa kuirejesha forodha mikononi mwa serikali. Alikopa kwa wafanyabiashara wakubwa, akawapa sababu ya kutaka amani idumu, kwa kuwa serikali ikianguka mikopo yao inaanguka nayo. Kwa fedha hizo aliwaondoa vijana wenye bunduki barabarani na kuwaingiza katika jeshi na polisi wenye mshahara. Mwaka 1994 shilingi ya Somaliland ikatoka. Haikuwa njia laini. Kati ya 1994 na 1996 vita vilirudi Hargeisa na Burao, na wapinzani wake walimshutumu kwamba alivitumia vita hivyo kujiimarisha. Alichaguliwa tena 1997. Mei 2001 wananchi walipigia kura katiba iliyofungua mlango wa vyama vingi. Alifariki hospitalini Pretoria tarehe 3 Mei 2002, akazikwa Berbera karibu na baba yake. Siku ileile makamu wake, Dahir Rayale Kahin, mtu wa ukoo mwingine na eneo lingine, alishika madaraka bila risasi moja. Katika Pembe ya Afrika, huo ni urithi mkubwa kuliko sanamu.

Sasa njooni Wajir, mwaka uleule wa 1993, maana huku nako palikuwa na hesabu ikipigwa, na waliokuwa wakiipiga hawakuwa na gari wala mlinzi.

Ukame wa 1992 na silaha zilizovuka kutoka Somalia viliwasha mapigano kati ya koo. Yaliingia mpaka sokoni. Mama wa ukoo huu alikataa kumuuzia mama wa ukoo ule, na maziwa yakaharibika mbele ya watoto wenye njaa. Kundi dogo la wanawake, akiwamo mwalimu kijana Dekha Ibrahim Abdi, likaanza na jambo moja linalowezekana, kwamba soko liwe salama kwa kila mtu anayenunua na kuuza. Waliweka wasimamizi wa kuangalia kila siku nani anazuiwa na nani anatukanwa. Soko lilipotulia walikwenda kwa wazee, wakawaomba wa koo ndogo wasimame katikati kwa sababu hakuna aliyewaogopa. Wazee wakakutana, na Septemba 1993 likatoka Azimio la Al-Fatah, lililoweka kanuni za kurejesha amani Wajir. Vijana, wafanyabiashara na maofisa wa serikali wakaingizwa baadaye, na kamati ya amani ikafungamanishwa na ofisi ya wilaya. Mfano huo ndio uliozaa kamati za amani za wilaya zilizoenea Kenya nzima. Dekha Ibrahim Abdi alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali katika barabara ya kuja Garissa.

Hakuna aliyemwita Dekha balozi. Lakini yeye na wenzake walifanya lile ambalo wakuu wanne hawakulifanya Arusha: waliwaweka mezani wale ambao bili ingewaangukia. Ndiyo maana amani ya Wajir ilikuwa na wasimamizi kila asubuhi, na amani ya 1967 ilibaki na kamati ambayo mfugaji hakuijua.

Wazee wangu na vijana wangu, tunaishi sasa katika zama ambazo mtu wa Garissa haombi pasi kuvuka daraja la Tana. Tangu 1991, Somalia ilipoanguka, ng'ombe wa Jubba wamekuwa wakija hapa kwa miguu na kupakiwa malori kwenda Nairobi na Mombasa, na soko letu la mifugo limekua likawa miongoni mwa makubwa katika Afrika Mashariki. Katiba ya 2010 imetupa kaunti. Gavana wa kwanza tuliyemchagua mwaka 2013, Nathif Jama Adam, alitoka katika benki. Aliwahi kuongoza First Community Bank, miongoni mwa benki za kwanza nchini kuendeshwa kwa misingi ya sharia, na wapiga kura walimrudisha 2022. Njia ya kutoka biashara kwenda siasa imekuwa barabara kuu. Sasa tujiulize tunawadai nini wanaoipita.

Mimi nataka tudai mambo matatu, na yote yametoka katika maisha haya niliyowasimulia.

Kwanza, tudai akili ya hesabu. Mtu anayekuja kwetu na hasira za ukoo aulizwe vita anavyovitaka vitagharimu ngamia wangapi na madarasa mangapi, na kama watoto wake watakuwa Garissa au Nairobi siku hiyo. Egal aliwauliza wenzake wa Mogadishu swali hilo mwaka 1967 na maisha yakaokolewa. Anayeshindwa kulijibu hafai kupewa kura, hata awe tajiri kiasi gani.

Pili, tudai kiti. Mambo yanayotuhusu bado yanajadiliwa mbali: mpaka na Jubaland, kambi za Dadaab zilizofunguliwa 1991 na 1992 zikabaki kizazi kizima, barabara na bomba la mradi wa LAPSSET, operesheni za usalama zinazoanzia msituni na kuishia madukani. Kila mazungumzo ya namna hii yawe na mfugaji, mama wa sokoni na mzee wa eneo, wenye haki ya kusema hapana na si ya kuitikia tu. Serikali inayotuona raia haina sababu ya kuogopa kutuketisha.

Tatu, tudai tarehe. Ahadi ya Arusha ilisema hatua kwa hatua, na hatua zile zilichukua miaka 24. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa kwa Rais Mei 2013 ikiwa na Wagalla na Bulla Kartasi ndani yake. Walionusurika wanazeeka na kufa. Kila kiongozi anayetuomba kura na aseme fidia italipwa mwaka gani, nani atasimamia, na yeye atafanya nini mwaka huo ukipita. Mkopo sokoni una siku ya kulipa, na ahadi ya serikali kwa raia wake haistahili kuwa na masharti dhaifu kuliko hayo.

Mohamed Haji Ibrahim Egal hakuwa malaika, na sikuja kumtakasa. Alikuwa mtu wa biashara aliyeamini kwamba adui anaweza kuwa mteja, na kwamba dai la haki halipotei kwa kuzungumzwa polepole. Alituokoa na vita asivyoweza kuvishinda, akatuachia amani ambayo hatukuhesabiwa ndani yake. Kisha, akiwa mzee, wazee wenzake walimfundisha kwamba makubaliano hudumu pale walioumia wanapoyaandika. Vijana wa Garissa mnaotaka kuwa wabunge, magavana na mabalozi mnayo nafasi ya kuanza pale alipomalizia. Ingieni katika siasa na daftari lenu la biashara, na katika kila meza mtakayokalishwa msitie saini kabla hamjaona majina ya watakaolipa, na kabla wenye majina hayo hawajasema neno lao.